Mboga ya Spesi

Tulipomaliza kumzika mama, wanawake wa mtaa wetu wa Rusimbi, hapa Ujiji, walikaa uani kwetu wakawa wanamsema kwa wema. Kila mmoja alikuwa na lake, lakini karibu wote walifika kwenye mboga ya mgagani. Mmoja alisema alipojifungua mtoto wa kwanza, mama alimletea mafungu ya mgagani asubuhi na mapema bila kuombwa. Mwingine akasema kwake ilikuwa hivyo kwa watoto wote, na hata kwa binti zake walipoanza kuzaa. Jirani yetu mmoja akanigeukia akaniuliza, "Mwaju, hivi mama yako moyo ule aliutoa wapi?" Nilikuwa nimetoka Tunduma kwa basi, miguu imevimba, sikuwa hata nimebadili nguo. Nikamjibu kwamba sijui. Lakini najua, na nadhani sasa mama hayupo naweza kulisema.

Mgagani nimeula sehemu nyingi. Niliacha shule mapema, na tangu hapo sijaweza kukaa mahali pamoja. Nimepika kwenye boti za mizigo, nimeuza vitenge Mpulungu, nimepalilia vitunguu vya watu ambao majina yao nimeyasahau. Popote ninapofika naanza na soko, na sokoni naanza kwa wauza mboga: hii inaitwaje, inapikwaje, inatibu nini. Musoma niliikuta inachemshwa na maziwa. Kwingine wanaianika, wanaipika kiangazi na karanga. Karibu kila mahali nimeambiwa ni mboga ya mzazi, inarudisha damu. Ina harufu kali, na mara nyingi naisikia kabla sijaiona, na shingo yangu inageuka yenyewe kutafuta mwanamke mwenye mimba.

Mwanamke huyo ni Spesi. Alikuja kwetu katika miaka ile ambayo watu walikuwa wanavuka kutoka Burundi kila siku, wengine kwa miguu, wengine kwa mitumbwi usiku. Mama alikuwa ananunua dagaa mwaloni Katonga, anawaanika mchangani, anawauza soko la Mwanga. Siku moja mvua ilimkuta dagaa wakiwa bado chini, na msichana asiyemjua akainama akaanza kuwakusanya pamoja naye, haraka, kama ni mali yake. Mvua ilipokatika mama akaona kwamba msichana ana mimba na hana pa kwenda. Akarudi naye nyumbani. Yeye na mume wake walikuwa wamepotezana njiani. Hilo alilisema mara moja tu, nami nilipouliza wamepotezana vipi, mama alinifinya paja.

Nilikuwa mtoto wa maswali. Mama alikuwa akiniambia mdomo wangu utatufikisha pabaya. Tulikuwa wawili tu, baba alikwenda Mpanda kutafuta kazi akabaki huko huko. Kwa hiyo Spesi kwangu alikuwa sikukuu. Alijibu kila kitu, hata nikiuliza mara ya tatu.

Nyuma ya bafu letu la mabati kulikuwa na kipande cha ardhi ambacho maji ya kuogea yalikuwa yanapita. Spesi alikilima kwa jembe la kuazima. Alikuwa amevuka na kifundo kwenye pembe ya kitenge chake, na ndani ya kile kifundo hamkuwa na hela wala dawa, mlikuwa na mbegu nyeusi ndogo kama baruti. Alizichanganya na majivu ili zisianguke mahali pamoja, akazirusha kwa vidole vitatu, kama mtu anayetia chumvi. Kwao mboga hiyo, mgagani wetu, waliiita isogi. Ilipoota, majani yake yalikuwa matano matano kwenye kikonyo kimoja, kama kiganja kilichofunguliwa, na shina lilikuwa na vinyweleo vinavyonata.

"Spesi," mama alisema siku ya kwanza aliyoyafikicha, "hiki chako kinanuka kama paka wa sokoni."

"Kitanuka mpaka ukile, Mama Mwaju. Ukishakila unanuka wewe, hutakisikia tena."

"Nani kakwambia nitakila?"

"Njaa itakwambia."

Mama alicheka mpaka akaketi kwenye kinu.

Spesi alinifundisha kukata vichwa. Mgagani ukiuacha hivi hivi unakimbilia kutoa maua, na ukishatoa maua majani yanakuwa machache na machungu. Kwa hiyo kila unaponyoosha kichwa unakivunja kwa ukucha, nao unatoa matawi pembeni. Ni michache tu iliyoachwa ikue mpaka mwisho kwa ajili ya mbegu, nayo alikuwa ameifunga uzi ili nisiiguse. Kichwa kiliponiuma alinisugua majani yaliyopondwa kwenye panda za uso, nikanuka siku nzima, watoto wa mtaani wakaniita bibi mganga. Mboga yenyewe aliichemsha, akamwaga maji ya kwanza, akamalizia na mawese na karanga. Alikula kidogo kidogo tu. Alikuwa anaikuza kwa ajili ya siku atakayojifungua. "Nikizaa," alisema, "nitaila asubuhi na jioni, mtoto apate maziwa. Mama yangu hayupo wa kunipikia. Mama Mwaju utanipikia?"

"Nitakupikia," mama akasema. "Utakula mpaka uikimbie."

Halafu gari lilipita mtaani na kipaza sauti. Wageni wote wanaoishi majumbani wapelekwe kambini, na anayewaficha atajibu. Sikuelewa maneno mengi, lakini nilielewa kilichofuata ndani kwetu, kwa sababu kilinifurahisha. Mama alitukalisha akatupanga. Spesi si Mrundi tena. Ni mtoto wa baba mdogo wa mama, ametoka milimani Kasulu. Kiha na Kirundi vinasikilizana, nani atajua. Mimi nimwite mama mdogo. Mama alituuliza maswali, tukajibu, tukikosea anarudia. "Baba yako nani?" "Alikufa, dada." "Kwenu kuna mto gani?" Spesi alikosea kusudi ili nicheke. Nyumba nyingi zilifanya hivyo wakati ule, na watu wengine wamebaki kuwa ndugu mpaka leo.

Mjumbe wetu wa nyumba kumi alikuja asubuhi na mgambo wawili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anakunywa kahawa kibarazani kwetu siku za kawaida. Mama alimpa kigoda. Spesi alikuwa amekwenda bombani, hivyo mama alivyodhani, na mimi pia.

"Mama Mwaju," mjumbe akasema, "samahani kwa kuja na vijana hawa. Kazi tu. Tumeambiwa tuulize kila nyumba, tusiruke hata moja." Akanywa maji tuliyompa. "Hivi wewe kwenu hasa ni wapi? Najua unanambia, nasahau."

Mama alikuwa anapepeta mchele. Ungo ulisimama.

"Hapa hapa Ujiji," akasema.

"Hapa hapa, lakini kwenu. Marehemu mzee wako alikuwa wa wapi?"

"Wa hapa."

Mgambo mmoja, kijana asiyetujua, akamtazama mama. Mjumbe akaguna, akalipita. "Na yule mgeni wenu mwenye mimba?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema mama mdogo. Mama akasema kwanza.

"Mpangaji yule. Alikuja na watu wa Katonga akaomba pa kulala. Simjui kwao."

Nilibana kicheko. Nilidhani mama amebuni mchezo mzuri zaidi ya ule tulioufanyia mazoezi. Katika kombolela, ukimficha mwenzio vizuri ndipo unaposema hujamwona, tena kwa sauti ya mtu asiyejali, na mama aliisema hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu asiyejali. Nilijivunia.

Spesi akatokea nyuma ya bafu. Mikononi alikuwa na fungu la mgagani na vidole vyake vilikuwa kijani. Kumbe hakwenda bombani. Alisalimia, "Shikamoo mzee," na uso wake ulikuwa kama wa siku zote. Mgambo akamwambia achukue kilicho chake. Mama akaingia ndani, akatoka na kanga yake nzuri na ndala zake mwenyewe, akamvalisha Spesi zile ndala kwa mkono wake, amepiga magoti, bila kuinua kichwa. Mimi nilikuwa bado nasubiri mama aseme mchezo umekwisha. Walipofika kona niliwapungia mkono nikicheka, na Spesi akanipungia.

Sababu ya mama kumkana Spesi niliijua nikiwa mkubwa, nilipokuwa tayari nimeanza kuhamahama, siku niliporudi nikiumwa malaria na mama akakaa nami kitandani. Mama hakuzaliwa Ujiji. Alizaliwa ng'ambo, upande wa Kongo, akavushwa akiwa mgongoni kwa shangazi yake, na aliyemlea hakuwahi kumwandikisha popote. Kiswahili chake kilikuwa cha Ujiji kwa hiyo hakuna aliyeuliza, mpaka asubuhi ile. "Ningesema ni ndugu yangu," aliniambia, "wangeniuliza mimi ni ndugu wa nani. Wangetupakia wote wawili, wewe ungebaki na nani?" Alilisema taratibu, akinikanda mguu. Tangu siku ile najua kwamba pale uani kulikuwa na mizani, upande mmoja Spesi na mimba yake, upande wa pili mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nacheka.

Wageni waliwekwa kwanza kwenye uwanja wa mpira wakisubiri malori. Kesho yake mama alichuma mgagani, akaupika na karanga nyingi, akaifunga sufuria kwenye kitambaa akanipa. Yeye hakwenda. "Mwambie ni mboga yake," alisema. Mlinzi aliniruhusu kwa kuwa nilikuwa mtoto. Spesi alikuwa amekaa karibu na goli, ndala za mama ziko pembeni yake zimepangwa. Akafunua sufuria, akanusa, akafunika.

"Mwambie mama nimepokea."

Niliporudi, mama hakuuliza kama nimemwona au kama anaumwa. Aliuliza, "Kala?"

"Kafunika."

Akageukia jiko akalichochea, ingawa halikuwa na kitu juu yake. Malori yaliondoka siku ile ile.

Kuanzia hapo mama aliuchukua ule mgagani kama mtu aliyeachiwa mtoto. Aliumwagilia kabla ya kuswali. Wadudu walipoingia alinyunyiza majivu. Hakuruhusu hata jani moja lipikwe kwetu, na mimi niliyeuzoea nikalia kwa hamu, nikidhani mama amekuwa mchoyo, anauficha ili akauze Mwanga. Mara kadhaa nilimkuta amesimama pale kati ya bafu na kitalu, anatazama kibaraza chetu, kisha anarudi kibarazani anatazama bafu. Nilidhani anapima mahali pa kujenga choo kipya. Alikuwa anapima kama mtu aliyeinama nyuma ya mabati anaweza kusikia.

Ile mimea yenye uzi ilikomaa. Maganda yake marefu membamba yakawa njano, mama akayakata kabla hayajapasuka, akayapukuchua kwenye ungo, mbegu nyingine zikarukia huko na huko. Akalima upya, akachanganya mbegu na majivu kama alivyokuwa amemwona Spesi, akarusha. Haukuota. Akangoja, akarudia. Haukuota. Akanunua samadi, akarudia, na ardhi ikabaki kama sakafu.

"Imekataa," alisema.

"Mbegu inakataaje, mama?"

"Inakataa."

Sisi tulikuwa watu wa dagaa. Mboga tulinunua sokoni, mambo ya mbegu hatukuyajua. Mama alikuwa na hakika kwamba mojawapo kati ya mawili limetokea: ama Spesi amefia kambini katika uzazi, ama yu hai na amemlaani, amemfungia mkono asioteshe kitu. Alikonda. Alianza kunituma mimi Katonga na mashangazi wa jirani, yeye akibaki. Wanawake walisema ni mambo ya tumbo.

Mvua za kwanza ziliponyesha, mgagani ukaota pale pale ulipokataa, na kando ya ngazi, na chini ya kamba ya nguo, kila mahali ambapo mbegu zilirukia. Mama alinikuta nimeinama nauangalia. Akapiga magoti kwenye tope akavishika vile vimea kwa ncha za vidole, na nikamsikia anashukuru. Wiki ile alikula. Akaanza kukata vichwa, na nilipoomba kumsaidia akaniruhusu.

Katika msimu ule ule, mchana mmoja, Spesi aliingia uani na mtoto mgongoni.

Mama alimwona kupitia dirisha la chumbani, dirisha la mbao lisilo na kioo, linalotazama uani. Mimi nilikuwa chumbani naye, nasukwa. Aliachia nywele zangu zikiwa nusu. "Nenda," akaninong'oneza, "mwambie mama hayupo." Nikatoka na kichwa nusu kimesukwa.

"Mwaju," Spesi akasema, "nani kakuacha hivyo?"

"Mama. Hayupo."

Akatazama kichwa changu, akatazama dirisha. "Haya. Nitapumzika kidogo, kisha niende."

Alikuwa amepewa ruhusa ya kumleta mtoto hospitali na gari la kurudi kambini lilikuwa linamsubiri Mwanga. Akakaa chini ya dirisha, kwa kuwa kivuli kilikuwa hapo, akamshusha mtoto akamnyonyesha. Alikuwa amekonda. Nilimuuliza mtoto ni wa kike au wa kiume, ana meno, kwa nini ana kipara, kambini kuna shule, wanakula nini. Alijibu yote. Kisha akauona mgagani.

"Mmepanda wenyewe?"

"Tulipanda ukakataa. Mama akalia. Halafu ukaota wenyewe."

"Mlipanda lini?"

"Tulipovuna tu."

Spesi akacheka, cheko lake la zamani, mtoto akaachia ziwa kumtazama. "Haukukataa. Ulikuwa umelala. Mbegu mpya ya isogi inalala mpaka msimu upite, hata uibembeleze vipi. Mimi ningewaambia, sikupata nafasi."

Nilijua mama yupo hapo, nyuma tu ya mbao, pengine mkono wake umegusa ukuta ule ule ambao Spesi ameuegemea. Nilisubiri aseme kitu. Nilitaka sana atoke, na niliogopa atoke, na sikujua ninaogopa nini.

Spesi akafunga mtoto mgongoni. Akachuma fungu moja, akaomba mbegu, nikamletea kwenye kopo, akazifunga kwenye pembe ya kitenge. Akasimama tena pale dirishani, akaniangalia mimi, lakini sauti aliyoitumia haikuwa ya kuongea na mtoto aliye karibu hivyo.

"Mama akirudi, mwambie maneno mawili. Alichomwambia mjumbe nilikisikia, nilikuwa nyuma ya bafu. Na ile mboga aliyonipelekea uwanjani niliila yote, nikalamba na sufuria. Utayashika?"

"Ndiyo."

"Ego," akaitikia kwa Kirundi. "Ubaki salama, Mwaju."

Akaenda. Ndala za mama zilikuwa bado miguuni mwake, moja imeshonwa kwa waya.

Mama hakutoka mara moja. Alipotoka alikaa kizingitini, akanivuta katikati ya magoti yake, akaanza kunisuka tena pale alipoishia. Alisuka mistari kadhaa.

"Kasemaje?" akauliza.

Kati yake na Spesi kulikuwa na mbao tu, na mbao zile zilikuwa na nyufa ninazopitisha kidole. Hata mimi, pamoja na ujinga wangu wote, niliona kwamba anaulizia maneno aliyokwisha kuyasikia.

"Kasema ile mboga ya uwanjani aliila yote."

Vidole vyake vikasimama kichwani mwangu.

"Hilo tu?"

"Hilo tu," nikasema.

Akaendelea kunisuka, akikaza nywele kuliko kawaida, nami sikulalamika.